Shajara ya mradi: Shiva wa Meluha na Shiva wa masimulizi ya kale

Januari, kuanza

Mradi ni huu: kusoma kwa mfululizo riwaya tatu za Amish Tripathi kuhusu Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, na kila ninachokutana nacho humo kukitafutia asili yake katika masimulizi ya Kihindu ya kale. Daftari nimelipanga kurasa mbilimbili, kushoto hadithi ya kale, kulia riwaya. Ukutani tumebandika karatasi kubwa ya manila. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye mkono mzuri wa kuchora, amekabidhiwa ramani. Kikundi chetu cha kusoma hapa Upanga kinasubiri muhtasari wa Kiswahili, kwa sababu vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza na wengi wetu hunogewa kujadili hadithi kwa lugha ya nyumbani. Atakayesoma shajara hii ajue mapema kwamba siri za vitabu vyote vitatu zitafichuka.

Kwa wasiomjua mwandishi: alizaliwa India mwaka 1974, akasomea uongozi wa biashara Kolkata, akafanya kazi za mambo ya fedha kwa miaka 14 kabla ya kuishi kwa kalamu. Wachapishaji walikikataa kitabu chake cha kwanza mmoja baada ya mwingine. The Immortals of Meluha kilipotoka mwaka 2010, sura ya kwanza iligawiwa bure madukani ili wasomaji waonje. Wakaonja, wakanogewa. The Secret of the Nagas kikafuata mwaka 2011, na The Oath of the Vayuputras mwaka 2013.

Wazo lake si gumu kulieleza. Shiva hakuzaliwa mungu. Alikuwa binadamu, kiongozi wa kabila dogo la milimani aliyeishi mwaka 1900 KK, na ni matendo yake yaliyofanya vizazi vya baadaye vimwite Mahadev, mungu wa miungu. Kwa hiyo kila muujiza unaojulikana na kila mtoto wa India, koo la buluu, mwana mwenye kichwa cha tembo, kafara ya Daksha, lazima upatiwe namna ya kutokea kwa watu wa nyama na damu.

Hapo ndipo penye hatari, na ndipo penye raha. Kumshusha mungu awe mtu ni rahisi. Mtu yeyote anaweza kufuta muujiza na kuacha pengo. Kipimo nitakachotumia daftarini ni kimoja: je, badiliko hili linaifanya hadithi ya kale ipungue uzito, au inazidi?

Januari, katikati

Kitabu cha kwanza kimeanzia kando ya Ziwa Mansarovar, chini ya Mlima Kailash huko Tibet. Ni mahali penyewe hasa: masimulizi ya kale yanasema Shiva makao yake ni Kailash. Lakini hapa Kailash si kiti cha enzi. Ni baridi, malisho haba, na kabila jirani la Wapakrati linaloshambulia kila mara. Watu wa Shiva, Waguna, wamechoka kuzika vijana wao. Anakuja mgeni kutoka dola ya kusini, nahodha wa jeshi aitwaye Nandi, na kuwaalika wahamie Meluha, nchi yenye amani na utajiri.

Nandi! Katika kila hekalu la Shiva, Nandi ni fahali aliyelala mbele ya mlango akimtazama bwana wake. Hapa ni askari mnene, mwaminifu, mwenye uso wa upole, anayelia kwa furaha anapogundua aliyemleta ni nani. Fahali ametoweka, uaminifu umebaki. Nimeandika ukurasa wa kulia: *inazidi.*

Waguna wanaacha milima. Sura hizo za safari nilizipita haraka, maana mwandishi mwenyewe anazipita haraka.

Januari, mwishoni

Juma zima nimelimalizia kwenye miji, na sijutii.

Meluha ya riwaya imejengwa juu ya kitu kilichokuwepo kweli. Mwaka 1921 Daya Ram Sahni alianza kuchimba Harappa, na mwaka uliofuata R. D. Banerji akaanza Mohenjo-daro. Septemba 1924 John Marshall aliutangazia ulimwengu kwamba katika bonde la Mto Indus kulikuwa na ustaarabu ambao hakuna aliyekuwa akiukumbuka, wa rika moja na Misri ya mapiramidi na Mesopotamia. Miji yake mikubwa ilistawi kati ya takriban mwaka 2600 na 1900 KK. Matofali yalikuwa ya uwiano mmoja kila mahali, kimo kimoja, upana mara mbili, urefu mara nne. Mawe ya kupimia uzito yalikuwa ya kipimo kimoja kutoka mji hadi mji, ingawa baina yake palikuwa na mamia ya kilomita. Nyumba nyingi zilikuwa na bafu, na maji machafu yalipita kwenye mifereji ya matofali iliyofunikwa, ikifuata mitaa. Lile bwawa kubwa la Mohenjo-daro lina urefu wa karibu mita 12, upana wa mita 7, na kina cha zaidi ya mita 2.

Jina nalo ni la kale. Mabamba ya udongo ya Mesopotamia yanataja nchi ya Meluhha kama nchi ya biashara ya mbali, na wataalamu wengi wanaamini ni bonde la Indus. Mfalme Sargon wa Akkad alijisifu kwamba merikebu za Meluhha, za Magan na za Dilmun zilitia nanga kwenye bandari yake. Magan ndiyo Oman. Kwa sisi wa pwani, ambao babu zetu walizisubiri pepo zilezile za kaskazi na kusi, hili nimeliwekea nyota daftarini. Jingine la kuwekea nyota: mtama, uwele na ulezi, nafaka zilizoanza kulimwa barani Afrika, zilivuka hadi Bara Hindi katika zama hizihizi au karibu nazo.

Mwandishi amechukua nini humo? Amechukua utaratibu. Wanaakiolojia wamestaajabia jinsi miji ile inavyofanana, kana kwamba kila mmoja alitii kanuni ileile. Tripathi amelivaa jambo hilo na kuuliza: watu wa namna gani wangeishi hivi? Akajibu: watu wanaoipenda sheria kuliko nafsi zao. Meluha yake ni dola ya sheria alizoacha Ram, mfalme shujaa wa utenzi wa Ramayana, ambamo hata watoto wachanga hupelekwa kulelewa na serikali, kisha hugawiwa wazazi walezi kadiri ya uwezo waliouonyesha, ili pasiwe na mtu anayebebwa na ukoo. Mji mkuu, Devagiri, umesimama juu ya majukwaa makubwa matatu, la dhahabu, la fedha na la shaba. Mohenjo-daro halisi nayo iliinuliwa juu ya majukwaa ya matofali.

Mpwa wangu, aliyekuwa akichora, akauliza: "Mjomba, kama mji wote uko juu ya jukwaa, maji machafu yanateremkia wapi?" Tukatoka kwenye riwaya kwa jioni nzima tukasoma habari za mifereji, mashimo ya kutua uchafu na visima vya Mohenjo-daro. Ramani sasa ina mchoro mdogo pembeni wa mtaa mmoja uliokatwa wima, maji yakionekana yanavyoshuka.

Jambo moja nimeliandika kwa wino mwekundu ili lisipotee tunapofika kwenye majadiliano: hii ni riwaya. Maandishi ya mihuri ya Indus hayajasomwa hadi leo, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika watu wale waliabudu nani. Upo muhuri mashuhuri wenye mtu aliyeketi amekunja miguu, kichwani ana pembe, kazungukwa na tembo, chui milia, kifaru na nyati. Marshall aliona humo Shiva wa awali, bwana wa wanyama. Wataalamu waliomfuata wengi wamelitilia shaka hilo. Tripathi anasimama na Marshall, na msimuliaji ana haki hiyo. Msomaji anayetoka kwenye kitabu akidhani amesoma historia ndiye nisiyetaka atoke kwenye kikundi chetu.

Februari, mwanzoni

Koo la buluu. Hapa nitakaa.

Hadithi ya kale: miungu na maasura, mahasimu wao, walitaka kinywaji cha kutokufa. Wakang'oa Mlima Mandara wakaufanya mpekecho, nyoka Vasuki wakamfanya kamba, wakaipekecha bahari ya maziwa. Kabla kinywaji hakijatoka, ikatoka sumu, halahala, yenye uwezo wa kuangamiza viumbe vyote. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Shiva akainywa, akaizuia kooni isishuke, na koo likageuka buluu. Ndiyo maana anaitwa Neelkanth.

Riwaya: Waguna wanapofika Srinagar, bonde la Kashmir, tabibu mkuu Ayurvati anawapa wageni wote dawa, kama ilivyo desturi. Wengine wanashikwa na homa usiku na kutokwa jasho. Shiva peke yake anahisi baridi kooni. Asubuhi watu wanamtazama shingo na kupiga magoti. Dawa ile ilikuwa Somras, kinywaji cha Wameluha, ambacho kimewafanya watu waliopita miaka mia waonekane vijana. Na Somras hutengenezwa wapi? Mlima Mandar, kwenye karakana ya mwanasayansi mkuu Brahaspati, ambaye katika masimulizi ni mwalimu wa miungu. Kupekecha kumebaki. Mlima umebaki. Kinywaji cha kutokufa kimebaki.

Sumu ndiyo haionekani. Nilipofika hapa mara ya kwanza nilisikitika kidogo, nikaona hadithi imepoteza nusu yake iliyo bora. Katika simulizi la kale utukufu wa Shiva hauko katika kutokufa. Uko katika kukubali kunywa kilichowashinda wengine. Ukurasa wa kulia nimeuacha wazi, na alama ya kuuliza pembeni.

Kinachonivutia katika kitabu hiki cha kwanza ni Shiva mwenyewe kutoamini. Anavuta bangi kwa kiko chake cha udongo, anacheza ngoma vizuri kuliko wote, anatania na rafiki yake Bhadra, na kila anapoitwa mwokozi anajikunyata. Ana jeraha la utotoni: aliwahi kumkimbia mwanamke aliyeomba msaada, na ndoto hiyo haimwachi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "wewe ndiye tuliyekungoja" hafurahi, anaogopa. Na kwa sababu anaogopa, anauliza maswali. Anakuta Sati, binti wa mfalme Daksha, hagusiki, kwa sheria ya vikarma inayosema mikosi ya maisha haya ni adhabu ya dhambi za maisha yaliyopita. Kosa lake ni kuzaa mtoto anayesemekana alizaliwa mfu, siku ileile aliyofiwa na mume. Shiva anaifuta sheria ile.

Kisha vita. Wameluha wamemwambia adui ni Wachandravanshi wa mashariki, watu waovu walioungana na Wanaga, watu wa kusini wanaoogopwa kama mashetani. Anawaongoza vitani, wanashinda, na baada ya ushindi anagundua kwamba walioshindwa nao walikuwa wakimngoja Neelkanth huyohuyo awaokoe dhidi ya Meluha. Hawakuwa waovu. Walikuwa watu wengine tu, wenye mitaa michafu na nyimbo nyingi, wanaopenda uhuru kama Wameluha wanavyopenda sheria. Hakuna sura niliyoisoma polepole zaidi ya hiyo.

Februari, juma la Maha Shivratri, usiku mkuu wa Shiva

Jirani yetu wa ghorofa ya chini ni bibi wa Kigujarati aliyezaliwa hapahapa Dar es Salaam. Wajukuu wake humwita Ba, nasi humwita hivyo. Nilimpelekea matunda kwa ajili ya mfungo wake, tukazungumza kuhusu mradi. Alikuwa amejiandaa kwenda hekaluni Kisutu kukesha. Atamimina maji na maziwa juu ya linga, jiwe linalomwakilisha Shiva, ataweka majani ya mti wa bilva.

Nikamweleza riwaya. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi simsomi. Namwomba. Usiku wa leo nitamwambia habari za mwanangu anayeumwa, na huyo wa kitabuni hana la kunijibu."

Nikamuuliza kama vitabu hivi vinamkera. Akasema havimkeri, wajukuu wamevisoma na sasa wanamuuliza maswali ambayo hawakuwahi kumuuliza. Akaanza kunisimulia mkesha wa Shivratri wa utoto wake, na kisa cha mwindaji aliyepanda mti wa bilva usiku kwa kuogopa wanyama, akawa anadondosha majani bila kujua chini yake pana linga, na Shiva akamkubalia ibada ile asiyoikusudia.

Kisa hicho sikukiona popote kwenye riwaya. Nimekiandika ukurasa wa kushoto, na wa kulia nimeuacha mtupu makusudi. Kuna mambo ambayo Shiva binadamu hawezi kuyabeba, na huo wema wa kumpokea mtu asiyejua hata kama anaabudu ni mojawapo. Muhtasari wa kikundi lazima uliseme hili bila kuficha.

Machi, mwanzoni

Kitabu cha pili, na kwangu ndicho bora kuliko vyote.

Wanaga wa masimulizi ni nyoka, nusu miungu, wakazi wa chini ya ardhi. Wanaga wa Tripathi ni watu waliozaliwa na ulemavu. Meluha yenye mifereji safi huwachukua watoto hao na kuwafukuza kusini ya Mto Narmada, na wazazi hawaruhusiwi kuwataja. Huko wamejenga taifa lao, mji mkuu Panchavati kando ya Godavari. Hao ndio tuliokuwa tukiambiwa tangu kitabu cha kwanza kwamba ni mashetani.

Na Mnaga aliyekuwa akimfuatilia Sati kwa siri, yule mwenye joho na kinyago, ni mwanawe. Mtoto hakuzaliwa mfu. Alizaliwa na masikio mapana na pua ndefu kama mkonga, na babu yake Daksha akamwondoa, akamdanganya binti yake maisha yake yote. Mtoto huyo ni Ganesh. Aliyemlea ni Kali, pacha wa Sati, naye alifukuzwa siku aliyozaliwa kwa sababu ana mikono ya ziada mabegani.

Nimefunga kitabu hapo nikatembea hadi baharini.

Hadithi ya kale inasema Parvati, mke wa Shiva, alimfinyanga Ganesh kwa uchafu wa mwili wake mwenyewe akamweka mlangoni alinde anapooga. Shiva akarudi, mtoto asiyemjua akamzuia kuingia, Shiva akamkata kichwa. Mama alipolia, ikabidi kitafutwe kichwa kingine, kikapatikana cha tembo. Kiini cha kisa hicho ni baba asiyemtambua mwana, na mama asiyekubali. Riwaya imekihifadhi kiini hicho chote. Shiva anamchukia Ganesh kabla ya kumjua, akidhani ndiye aliyemuua Brahaspati rafiki yake. Anapoletwa mbele yake kama mwana wa Sati, anaondoka nyumbani kwa hasira. Kinachomrudisha ni Kartik mdogo, mwana wake na Sati, anayeokolewa na Ganesh dhidi ya simba huku Ganesh akikaribia kufa.

Tazameni pia Ganesh tunamkuta wapi mara ya kwanza anapotenda. Mwana wa mfalme wa Magadh anataka kumteka mtoto wa kijijini akamwendeshe fahali wa mashindano, ambako watoto hufa. Mama wa mtoto anakataa, anapigwa, bado anakataa. Ganesh, aliyekatazwa kabisa kujionyesha, anashindwa kupita. Anasimama mbele ya mama huyo na kupigwa mshale. Mlinzi wa mlango wa mama yake amekuwa mlinzi wa mama yeyote anayemkatalia mwenye nguvu. Ukurasa wa kulia, kwa herufi kubwa: INAZIDI.

Machi, mwishoni

Hali ya kazi: ramani imefika Panchavati. Kashi imewekwa kwenye kingo za Ganga na Branga kwenye mdomo wake. Orodha ya wahusika ina safu mbili, jina la riwaya na nafasi yake katika masimulizi. Bhadra amekuwa Veerbhadra, na katika simulizi la kale Virabhadra ndiye shujaa anayetoka kwenye unywele wa Shiva. Krittika, msaidizi wa Sati, amempa mtoto Kartik jina lake; zamani Krittika ni zile nyota za Kilimia zilizomnyonyesha. Bhagirath, ambaye kwa toba yake aliuteremsha Mto Ganga kutoka mbinguni, hapa ni mwana wa mfalme wa Ayodhya aliyepuuzwa na baba yake, na toba haimo. Hilo nimeliandikia *inapungua.*

Muhtasari wa kitabu cha kwanza umesomwa kikundini. Ubishi ulikuwa mkali kuhusu watoto kulelewa na serikali. Mama mmoja, mwalimu wa msingi, alisema mfumo ule ni wa haki na wa kutisha kwa wakati mmoja, na sikuona cha kuongeza.

Aprili

Kitabu cha tatu kimenijibu ile alama ya kuuliza.

Sumu haikupotea. Ilikuwa ndani ya Somras tangu mwanzo. Kinywaji kilichowapa Wameluha maisha marefu hutumia maji ya Mto Saraswati kwa wingi mno, nao mto unakauka. Kinaacha taka zenye sumu, na taka hizo hutupwa kwenye Mto Tsangpo huko Tibet, mbali na macho, kwa imani kwamba baridi itazidhoofisha na hakuna anayeishi huko. Lakini Tsangpo ndio unaokata milima na kushuka upande wa pili kwa jina la Brahmaputra. Unafika Branga, na Branga watu wanakufa kila mwaka kwa tauni wasiyoijua chanzo chake. Na watoto wa Kinaga huzaliwa jinsi walivyo kwa sababu ya Somras waliyokunywa wazazi wao. Meluha iliwafukuza watu kwa ugonjwa iliowapa yenyewe.

Basi halahala imerudi, na imerudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Katika simulizi la kale sumu hutoka kabla ya kinywaji cha kutokufa, inaonekana na wote, na mmoja anajitolea. Hapa sumu na kinywaji ni kitu kimoja, wanaokunywa hawaioni, na wanaoumia ni wa mbali. Uovu alioitwa Shiva kuuondoa si kabila wala mfalme. Ni jambo jema lililoachwa liendelee baada ya wakati wake. Kwa hiyo hata adui mkuu, mzee Bhrigu, si mwongo: anaitetea Somras akiamini bado ni baraka. Na Parvateshwar, jemadari mwadilifu kuliko wote, anajua Shiva yuko sahihi na bado anabaki upande wa Meluha kwa sababu ni nchi yake. Maongezi yao ya kuagana nimeyasoma kwa sauti kwa mpwa wangu.

Kwenye tarehe nako kuna fikra. Mwaka 1900 KK, aliouchagua mwandishi, ndio wakati miji ya Indus ilipoanza kuachwa. Wataalamu wanataja mvua za masika ya India kupungua na mito kubadili njia au kukauka. Wapo wanaoulinganisha Saraswati wa Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale, na mkondo wa Ghaggar-Hakra, ambao leo hupata maji wakati wa mvua tu, na wapo wanaopinga. Riwaya inachukua ukame huo na kuufanya deni la watu wenyewe.

Kifo cha Sati. Kale: Daksha anafanya kafara kubwa, anaalika miungu wote isipokuwa mkwewe. Sati anakwenda bila mwaliko, anatukanwa mume wake mbele ya watu, anajitupa motoni. Shiva anaivunja kafara ile na Daksha anakatwa kichwa. Riwaya: Daksha anaitisha mkutano wa amani Devagiri, na mkutano ni mtego wa wauaji kutoka Misri. Sati ndiye anayekwenda. Anapogundua mtego angeweza kukimbia. Anapigana, mmoja dhidi ya wengi, hadi anaangushwa. Hajiui kwa aibu ya mumewe. Anakufa kwa upanga mkononi, kwa hila ya baba aliyemdanganya tangu kuzaliwa. Kwangu hilo linazidi, na sina wasiwasi nalo.

Kinachofuata kinanitia wasiwasi. Shiva anaifyatua Pashupatiastra, silaha aliyopewa na Wavayuputra, kabila linalozilinda silaha za namna hiyo, kwa sharti kwamba asiitumie kamwe, na Devagiri inatoweka pamoja na waliomo. Baadhi ya kikundi walisema ni haki. Mimi naona mwandishi ametaka tuumie, na ameharakisha tusiumie sawasawa. Kitabu hiki kina vita vingi vya majini na nchi kavu vilivyoelezwa kwa urefu, kisha saa yenye uzito kuliko zote imepewa kurasa chache. Shiva wa kale ni mharibifu, ni kweli, lakini uharibifu wake ni wa kufungua mlango wa uumbaji mwingine. Huyu ameharibu kwa uchungu wa mfiwa. Nimeandika pande zote mbili za daftari na sijaweka alama.

Mei

Kikundini kaka mmoja aliuliza: nani alimpa mwandishi ruhusa ya kubadilisha dini ya watu? Swali zuri, na nimelifanyia kazi mwezi wote.

Masimulizi haya hayajawahi kuwa na umbo moja. Ramayana ya Valmiki kwa Kisanskriti ina beti 24,000 hivi. Katika karne ya 12 Kamban aliisimulia kwa Kitamili kwa namna yake. Mwaka 1574 Tulsidas alianza kuiandika kwa Kiawadhi, na kwa mamilioni ya watu wa kaskazini mwa India huyo ndiye Ram wanayemjua. Zamani kabla yao, Vimalasuri, mshairi wa Kijaini, dini ya India inayokataza kuua, aliandika Ramayana ambamo Ravana, adui anayemteka Sita mke wa Ram, si jini wa vichwa kumi. Ni mfalme wa heshima, na alipokuwa mtoto alivaa mkufu wa vito vilivyoakisi uso wake mara tisa, ndipo watu wakamwita mwenye nyuso kumi. Tena humo anayemuua Ravana ni Lakshmana, ndugu wa Rama, maana Rama wa Kijaini hawezi kuua.

Nilipousoma mkufu ule nilicheka kwa furaha peke yangu. Miaka mingi mno kabla ya Tripathi, mtu mwingine aliketi akajiuliza: vichwa kumi vingewezekanaje? Kazi ni ileile. Sisi tunaomjua Fumo Liyongo kwa matoleo ya Pate, ya Lamu na ya Mto Tana hatuna sababu ya kushangaa.

Hilo halimalizi swali la kaka yule, kwa sababu Vimalasuri aliandika ndani ya imani, kwa ajili ya imani yake. Tripathi ni muumini wa Shiva na hafichi, ila anaandika kwa ajili ya wasafiri wa ndege na wanafunzi wa vyuo, na wahusika wake huongea kama watu wa ofisini wa Mumbai. Lugha hiyo nyepesi inanichosha mahali pengi. Ndiyo pia iliyowafanya wajukuu wa Ba wavisome.

Juni

Muhtasari wa vitabu vyote vitatu umekamilika, umechapwa, nakala zimetolewa kwenye duka la fotokopi la mtaani na kugawiwa. Ba amepewa ya kwanza. Ameomba herufi ziongezwe ukubwa, na nimeziongeza. Ramani imehamishiwa sebuleni kwa mwenyeji wa kikundi.

Tumekubaliana kuendelea na mfululizo wa Ram wa mwandishi huyohuyo. Umepangwa kwa namna nisiyowahi kuiona: Scion of Ikshvaku cha mwaka 2015 kinamfuata Ram tangu kuzaliwa, cha 2017 kinamfuata Sita, cha 2019 Raavan, na vyote vitatu vinakutana kwenye tukio moja, kutekwa kwa Sita. War of Lanka cha 2022 ndicho kinachovichukua pamoja kwenda mbele. Maana yake msomaji anafika kwenye utekaji ule mara tatu, kila mara akiwa amempenda mtu mwingine.

Nimeshaanza cha Sita. Humo ni binti wa kulea wa mfalme Janak, naye mwenyewe ni waziri mkuu wa Mithila, anajua kutumia fimbo na kisu, na ametajwa kuwa Vishnu ajaye, cheo cha mwokozi katika riwaya hizi, kabla Ram hajaingia kwenye hadithi. Katika Ramayana alipatikana ardhini, kwenye mfuo wa jembe la mfalme. Mwandishi ameuhifadhi mfuo huo: mtoto ameachwa shambani na tai anamkinga na mbwa mwitu. Tai! Katika simulizi la kale ni Jatayu, mfalme wa tai, anayekufa akijaribu kumzuia Ravana asimchukue Sita. Mwandishi amemweka ndege mlangoni pa maisha yake tangu siku ya kwanza. Daftari jipya limefunguliwa na mpwa wangu ameomba safari hii naye aandike ukurasa wa kulia. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba Raavan tutamsoma bila kuamua mapema.